KALENDA YA PAMOJA OFISINI: UFUNGUO UWE KWA NANI?



Safari yetu ya Kajaga ilitokana na saa moja iliyopotea. Katika ofisi moja iliyo kandokando ya Ziwa Tanganyika, kwenye njia itokayo Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Congo, tawi letu lilikuwa limengoja muda mrefu kupata kikao na uongozi juu ya malipo ya saa za ziada na zamu za likizo. Hatimaye kikao kikapangwa: Jumanne, saa nne asubuhi. Mshauri wa chama alikuwa Arusha, naye alitakiwa ashiriki kwa simu. Wajumbe wawili wa tawi walikuwa kikazi Uvira, ng'ambo ya mpaka, wakawa warudi kwa gari siku hiyo hiyo.

Mshauri alikaa karibu na simu yake saa nne barabara, kwa saa ya Arusha. Kajaga ilikuwa saa tatu tu, na chumba cha mikutano kilikuwa bado kimefungwa. Akapiga, hakujibiwa, akangoja, mwisho akaenda kwenye shughuli nyingine. Kajaga ilipotimia saa nne, uongozi ukaketi, na simu ya Arusha ikawa haipokelewi. Na wale wa Uvira? Hao walikuwa wamepelekewa ujumbe na karani aliyenakili kutoka katika daftari la meneja. Daftari la meneja huandikwa Kifaransa, na katika Kifaransa saa nne ya asubuhi ni saa kumi. Karani akaandika vile vile alivyoona: saa kumi. Wenzetu wakafika saa kumi alasiri, mashati yamepigwa pasi, wakamkuta mlinzi peke yake.

Baadaye watu walicheka sana, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Kikao kiliahirishwa, na mishahara ya mwezi ule ikatoka bila ya zile saa za ziada.

Ndipo meneja akatangaza kwamba madaftari sasa basi. Seva ya barua pepe ya ofisi itawekewa kalenda moja ya wote na daftari moja la anwani la wote. Wafanyakazi wakagawanyika. Vijana walifurahi. Watu wazima, na hasa akina mama wa uhasibu, waliuliza swali moja tu: je, bwana mkubwa ataona kila tuendako? Kamati ya tawi ikaniita. Mimi si fundi wa kompyuta, ila nilifanya kazi ya masjala kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi ya chama, na mtu wa masjala hujifunza mapema kuuliza ufunguo wa kabati uko kwa nani.

Masjala isiyofungwa

Yafaa kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Wengi wetu tunatuma barua pepe kila siku bila kufikiri zinakaa wapi. Tangu mwaka 1971, Ray Tomlinson wa Marekani alipotuma ujumbe kati ya kompyuta mbili kwa kutumia alama ile ya @, barua hizi zimehitaji mahali pa kupokelewa na kutunzwa. Mahali hapo ndipo tunapopaita seva. Ni kompyuta ambayo haizimwi, inayofanya kazi ya posta na ya masjala kwa pamoja. Kompyuta ya mezani kwako na simu ya mfukoni mwako huenda pale kuuliza: kuna jipya?

Lakini seva ya barua peke yake haijui kalenda. Hapa ndipo ofisi nyingi hukosea. Utaratibu unaotumika kusomea barua zilizo kwenye seva, uitwao IMAP, ulibuniwa kwa ajili ya barua tu. Kalenda na anwani zina taratibu zao. Namna ya kuandika miadi ili kila programu iielewe ilikubaliwa mwaka 1998 na ikarekebishwa mwaka 2009, inaitwa iCalendar. Namna ya kuyaweka miadi hayo kwenye seva ili watu wengi wayasome na kuyaandika, iitwayo CalDAV, ilitolewa Machi 2007. Kwa upande wa anwani, kadi ya kielektroniki iitwayo vCard ilianza katikati ya miaka ya 1990, na utaratibu wa kuzishiriki kadi hizo kwenye seva, CardDAV, ulitolewa Agosti 2011. Ndugu msomaji, huna haja ya kuyakariri majina haya. Yanakufaa kwa jambo moja: fundi akija kukuuzia mtambo, muulize kama unafuata CalDAV na CardDAV. Akisema ndiyo, siku utakapogombana naye utaweza kuchukua kalenda yako na kuipeleka kwa fundi mwingine. Akisema hapana, au akianza kuzungukazunguka, ujue umefungwa kamba.

Mitambo iko ya kila namna. Kampuni kubwa hutumia Exchange ya Microsoft, iliyoanza mwaka 1996, ambamo barua, kalenda na anwani zimo pamoja tangu mwanzo. Ni mtambo mzuri, lakini una gharama, na matoleo ya 2016 na 2019 Microsoft yenyewe iliacha kuyahudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi yenye toleo hilo kabatini inatunza barua zake katika nyumba ambayo kitasa chake hakitengenezwi tena. Upande wa pili iko mitambo ya bure, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua na kuikagua: SOGo, Nextcloud, na ile midogo sana kama Radicale na Baïkal, inayofanya kazi ya kalenda na anwani tu na ambayo hata kompyuta kuukuu huiweza. Pale Kajaga walikuwa tayari na seva ya barua, kwa hiyo fundi aliongeza SOGo juu yake. Ilimchukua siku moja. Kuwapatanisha watu kulichukua wiki tano.

Kusafisha daftari

Kazi ngumu haikuwa kalenda. Ilikuwa anwani. Kila mfanyakazi alileta alizokuwa nazo: nyingine kwenye simu, nyingine kwenye kompyuta, nyingine kwenye daftari lenye gundi. Mteja mmoja wa Kigoma alionekana mara saba, kila mara kwa jina lililoandikwa vingine, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili, na mara moja kwa jina la utani ambalo sitalitaja hapa.

Namba za simu zilikuwa fujo tupu. Mtu wa Bujumbura huandika namba ya nyumbani bila kitangulizi cha nchi, nayo humfaa akiwa Bujumbura. Akivuka kwenda Uvira, simu yake ikashika mtandao wa Congo, namba ile ile inaweza isimfikishe popote. Kwa hiyo ikaamuliwa kila namba iandikwe na alama ya kujumlisha na namba ya nchi: +257 kwa Burundi, +255 kwa Tanzania, +243 kwa Congo, +250 kwa Rwanda, +254 kwa Kenya. Jambo dogo, lakini dereva aliyeharibikiwa na gari ng'ambo ya mpaka usiku analijua thamani yake.

Halafu kuna mahali pa kuandika mkoa. Burundi ilikuwa na mikoa 18 hadi mabadiliko yalipoingia mwaka 2025, ikawa na mitano: Bujumbura, Gitega, Buhumuza, Burunga na Butanyerera. Komine nazo zikapunguzwa sana, zikawa 42. Zaidi ya hayo, tangu Gitega ifanywe makao makuu ya siasa mwaka 2019, baadhi ya ofisi za serikali zimehamia huko. Daftari la anwani la miaka sita iliyopita, hata kama halina kosa hata moja la tahajia, linakutuma mahali pasipo na mtu. Sekretari wa ofisi, mama mwenye subira kuliko sisi sote, alikaa na orodha hiyo siku nne akipiga simu moja moja. Niliuliza kama kazi hiyo imo katika maelezo ya kazi yake. Haimo. Jambo hilo tuliliandika pembeni, nalo lilirudi mezani baadaye.

Saa nne ya wapi?

Turudi kwenye ile saa iliyopotea. Bujumbura na Uvira ziko saa mbili mbele ya saa ya Greenwich; Arusha, Kigoma, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele. Mtu anayevuka Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda Kigoma hubadilisha saa bila kutoka kwenye maji yale yale. Juu ya hilo iko hesabu yetu ya Kiswahili, ambayo ndiyo pia hesabu ya Kirundi, ya kuanza kuhesabu saa kunapopambazuka, na iko hesabu ya Kifaransa ya ofisini inayoanza usiku wa manane. Ofisi ya Kajaga ilikuwa inaishi katika saa nne mbalimbali kwa wakati mmoja, na kila mtu akidhani yake ndiyo saa.

Kalenda ya seva huondoa tatizo hili, kwa sharti kwamba iwekwe sawasawa. Kila miadi huandikwa pamoja na jina la majira ya mahali, kwa mfano Africa/Bujumbura au Africa/Dar_es_Salaam, na kila kifaa humwonyesha mwenyewe saa ya pale alipo. Kikao cha Kajaga cha saa nne kitaonekana Arusha kuwa ni saa tano. Lakini fundi alipokagua kompyuta za ofisi, alikuta nyingine zimewekwa majira ya Paris, kama zilivyotoka dukani. Paris na Bujumbura hulingana wakati wa kiangazi cha Ulaya, kisha huachana saa moja mwishoni mwa Oktoba. Yaani miadi ingekuwa sahihi miezi saba na kuharibika mitano, na hakuna ambaye angejua sababu. Kabla ya kuandika miadi yoyote, tazameni kwanza majira ya kila kompyuta na kila simu.

Sikukuu nazo ziliwekwa katika kalenda yake yenyewe, kila nchi mbali. Tarehe 1 Julai ofisi za Burundi hufungwa kwa ajili ya Uhuru wa 1962, na 13 Oktoba kwa kumkumbuka Mwanamfalme Louis Rwagasore aliyeuawa mwaka 1961. Tanzania iko kazini siku hizo, nayo hupumzika 26 Aprili kwa ajili ya Muungano. Mei Mosi peke yake haikuleta mabishano.

Anayeona na asiyeona

Sasa tufike kwenye lile swali la akina mama wa uhasibu.

Mwenye kalenda anaweza kumpa mwenzake ruhusa kwa ngazi. Anaweza kumnyima asione kitu. Anaweza kumwonyesha tu kwamba saa fulani ana shughuli, bila kusema ni shughuli gani. Anaweza kumruhusu asome maelezo yote. Na anaweza kumruhusu aandike na kufuta. Ngazi hizi hazikuwekwa na mwenye ofisi wala na chama. Zimo katika mtambo wenyewe, na CalDAV ina njia maalumu ya kuuliza kama mtu ana nafasi bila kufungua miadi yake. Kinachobaki ni kuamua nani apewe ngazi ipi, na uamuzi huo si wa kifundi hata kidogo.

Fundi, kwa haraka zake, alikuwa amefungulia kila mtu kusoma kila kitu. Wiki ya kwanza tu, mfanyakazi mmoja aliandika siku yake ya kliniki kama alivyozoea kuiandika katika daftari lake la mkobani. Kabla ya saa sita ofisi nzima ilijua ana mimba, pamoja na bwana mmoja wa bohari aliyempa pongezi kwa sauti. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajamwambia mama mkwe. Hakukuwa na ubaya wa makusudi. Lakini fikiri kama ingekuwa ni mtu anayekwenda kuchukua dawa zake kila mwezi, au anayekwenda mahakamani kwa kesi ya nyumba, au anayekwenda kuonana na katibu wa chama.

Kamati ilipolipeleka jambo hili kwa uongozi, jibu la kwanza lilikuwa kwamba iko alama ya siri. Mtu akiiweka, wenzake hawasomi. Ni kweli alama hiyo ipo. iCalendar ina daraja tatu: ya wazi, ya binafsi na ya siri. Lakini, ndugu zangu, sikilizeni vizuri hapa. Alama hiyo ni ombi kwa programu, kama vile kuandika "siri" juu ya bahasha isiyotiwa gundi. Programu njema huliheshimu. Yule mwenye neno la siri la msimamizi wa seva anaweza kufungua ghala lote la miadi na kusoma yaliyomo, na nakala za akiba zinazotunzwa kila usiku nazo zinayo. Kwa hiyo lisilopasa kusomwa na mwajiri lisiandikwe kabisa katika seva ya mwajiri. Andika "sipo, saa nane hadi tisa", inatosha. Mambo mengine yabaki katika daftari la mkobani, ambalo halina msimamizi.

Baada ya mabishano, yaliyokubaliwa Kajaga ni haya. Kalenda za kazi za pamoja, yaani ya vikao, ya magari, ya chumba cha mikutano na ya zamu za likizo, zisomwe na wote. Zinaandikwa na sekretari na mkuu wa kila idara. Kalenda ya mtu binafsi ionyeshe wenzake shughuli na nafasi tu, meneja naye akiwa katika ngazi hiyo hiyo. Hapo meneja alinyamaza kidogo. Akauliza kama kalenda yake mwenyewe nayo wataiona. Akaambiwa ndiyo, kwa ngazi ile ile. Nadhani hilo ndilo lililomfanya akubali. Aligundua kwamba yeye pia ana siku ambazo hapendi kueleza.

Kalenda ya likizo ilileta faida ambayo hatukuitegemea. Zamani orodha ya likizo ilikaa katika droo ya mtu mmoja, na kila mwaka wale wale walipata Desemba. Ilipowekwa wazi kwa miaka miwili nyuma, hapakuwa na haja ya hotuba. Kila mtu alijisomea.

Orodha isiyotakiwa kuonekana

Jambo zito kuliko yote lilitokea kwa bahati mbaya, nami nalieleza kwa idhini ya tawi, kwa sababu linaweza kutokea katika tawi lolote.

Mjumbe mmoja wa kamati, kijana mwenye bidii, alitaka kusaidia kazi ya anwani. Akaunganisha simu yake na daftari la pamoja, akabonyeza mahali pa kupeleka zote. Zikaenda zote. Ndani yake kulikuwa na kundi alilolipa jina la chama, lenye majina na namba za wanachama, pamoja na wale watatu waliokuwa wamejiunga mwezi ule na waliokuwa bado katika majaribio ya kazi. Orodha hiyo ilikaa mbele ya macho ya uongozi kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi.

Hatujui kama kuna aliyeifungua. Mmoja wa wale watatu hakupewa mkataba mwisho wa mwezi. Uongozi ulitoa sababu nyingine, na huenda ilikuwa ya kweli. Lakini kijana wetu hajalala vizuri tangu hapo, na mwenzetu yule hana kazi.

Uhuru wa mfanyakazi kujiunga na chama umo katika Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1948, na ulinzi wake asibaguliwe kwa sababu ya chama umo katika Mkataba namba 98 wa mwaka 1949. Burundi imeridhia yote miwili. Shirika hilo hilo lilitoa mwaka 1997 mwongozo juu ya habari binafsi za wafanyakazi, unaosema kwamba mwajiri asikusanye habari za uanachama wa mtu katika chama wala shughuli zake za chama, isipokuwa sheria au mkataba wa pamoja unamlazimu au unamruhusu. Mwongozo si sheria, lakini unafaa kuwekwa mezani. Baadhi ya majirani wana sheria za kulinda habari za watu: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda tangu 2021, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Tawi lililo katika nchi hizo lina mahali pa kushika.

Kuifuta orodha nako kulikuwa na mtego. Kijana aliifuta kwenye daftari la pamoja, na seva, kwa utiifu wake, ikaifuta na kwenye simu yake, kwa kuwa vilikuwa vimeunganishwa. Tawi likabaki bila orodha ya wanachama. Iliyookoa jambo ni karatasi aliyokuwa nayo mweka hazina, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha stakabadhi. Na orodha ile iliyofutwa bado ilikuwamo katika nakala za akiba za seva, hata ikabidi kamati iandike barua kuomba ifutwe na huko, na fundi athibitishe kwa saini mbele ya mjumbe.

Seva ya chama, kabati la chama

Tawi limeamua kuwa na daftari lake na kalenda yake mahali pengine, pasipo pa mwajiri. Haihitaji fedha nyingi. Mtambo mdogo kama Radicale au Baïkal katika seva ya kukodi unatosha kwa matawi kadhaa yakichangia. Simu za Apple huelewa CalDAV na CardDAV bila nyongeza. Nyingi za Android huhitaji programu ndogo ya kati kama DAVx5. Simu ya chama, ikiwezekana, iwe mbali na simu ya ofisi, na kwa vyovyote mtu asichanganye akaunti mbili katika daftari moja.

Neno la siri la msimamizi liko kwa watu wawili, katibu na mweka hazina, na nakala yake imo katika bahasha iliyotiwa lakiri. Kiongozi akibadilika, neno linabadilika siku hiyo hiyo, kabla ya chai ya kumuaga.

Kuna pia suala la maji. Mtu wa Kajaga haambiwi habari za ziwa. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika, na watu wengi wa Gatumba wakahama makwao. Katika miaka iliyofuata, hasa 2021 na 2024, ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba na mahoteli ya ufukweni. Nilipoingia katika chumba cha seva ya ofisi ile, niliikuta chini sakafuni, karibu na ukuta wenye alama ya maji ya zamani, urefu wa goti. Umeme nao hukatika, na mafuta ya jenereta si jambo la kutegemea tangu uhaba wa miaka hii. Seva ikapandishwa juu ya rafu, ikapewa betri ya kuiwezesha kuzimika polepole. Kila Ijumaa sekretari hutoa kalenda katika faili lenye mwisho wa .ics na anwani katika faili lenye mwisho wa .vcf. Faili hizo ni maandishi ya kawaida, hufunguliwa na programu yoyote, na hukaa kwenye kijiti kinachotunzwa mjini, mbali na ziwa. Mara moja kwa mwezi huchapa anwani muhimu kwenye karatasi. Vijana walimcheka, kisha ile habari ya mweka hazina ikawanyamazisha.

Limebaki jambo moja ambalo halijamalizika. Kalenda ikishaingia kwenye simu, kazi nayo huingia nyumbani. Meneja hupanga vikao saa tatu usiku, na simu za watu kumi na wanne hulia kwa pamoja wakiwa mezani kwa chakula. Ufaransa iliweka katika sheria, kuanzia 1 Januari 2017, kwamba makampuni ya wafanyakazi 50 au zaidi yajadiliane na wafanyakazi juu ya haki ya kutojibu baada ya saa za kazi. Kajaga uongozi umekubali kwamba mwaliko uliotumwa usiku hauhesabiwi kupokelewa mpaka asubuhi, lakini umekataa kuliandika. Kamati inaendelea kudai liandikwe.

Kile kikao cha kwanza kilifanyika hatimaye. Saa nne Kajaga, saa tano Arusha, simu ikapokelewa mlio wa pili, na wale wawili wa Uvira walikuwa wameketi robo saa kabla. Uongozi ulikubali kulipa saa za ziada kwa mafungu mawili. Siku nne za sekretari za kusafisha anwani zilihesabiwa ndani yake, baada ya mabishano. Suala la mwenzetu ambaye hakupewa mkataba liliwekwa katika kikao kijacho, nalo limeandikwa katika kalenda ya chama.